Shafti inang'aa, mbona bado inavuja?

SWALI: Nina boti ya uvuvi hapa Likoni. Oili inavuja kwenye shafti ya giaboksi. Nimeshabadilisha sili, na fundi akaipiga shafti msasa hadi unajiona sura. Haikumaliza wiki, oili ikarudi. Nitumie msasa namba ngapi?

JIBU: Hakuna namba, ndugu yangu. Weka msasa chini. Habari hii ya kung'arisha naisikia kila siku, Kilindini hadi Jomvu, na shafti nzuri zinaharibiwa bure.

Mdomo wa sili, ile pete ya mpira inayokumbatia shafti, haugusi chuma kikavu. Unaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo hushikiliwa na vijibonde vidogo vya uso wa shafti. Ndiyo maana watengenezaji wa sili hutaka kipimo cha Ra, yaani wastani wa ukwaruzo wa uso, kiwe kati ya mikroni 0.2 na 0.8 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Pakikwaruza kuliko hapo, mpira unalika. Pakizidi ulaini, oili haishiki: mpira unajisugua mkavu, unaungua, unakakamaa, unapasuka.

Kibaya zaidi ni mwelekeo wa mikwaruzo. Shafti inazunguka kwenye mashine ya kukereza, fundi ameshika msasa, mkono unakwenda kushoto na kulia. Hapo anaacha mistari ya mshazari ambayo jicho halioni, na mistari hiyo ni hesi za skrubu kabisa: inasukuma oili nje. Unataka kuhakikisha? Laza shafti sawasawa, ipake oili nyepesi, zungushia uzi wenye kijiuzito kinachoning'inia, kisha izungushe polepole. Uzi ukisafiri upande mmoja, nawe ukigeuza mzunguko ukarudi upande wa pili, jibu unalo.

Pitisha na ukucha pale sili ilipokaa. Ukinasa, kuna mfereji, na msasa hauwezi kuuondoa. Ivishe shafti bushi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, unene wake kama robo milimita, au shafti isagwe upya kwa jiwe linaloingia moja kwa moja bila kutembea pembeni. Wanaojaza mfereji kwa gundi ya chuma, au kuchomelea wakakereza bila kusaga, wanakula pesa zako tu. Moto wa kuchomelea unaweza hata kuipinda shafti.

Na sasa msasa umefika hadi kwa mafundi wa redio za boti! Pini za soketi nyingi zimepakwa dhahabu isiyofika hata mikroni 2. Mkono mmoja wa msasa, imekwisha. Chini yake kuna nikeli na shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi shaba haichelewi kuota kijani. Pini chafu husafishwa kwa spiriti ya isopropili na brashi laini, basi.

Mkerezaji asiye na kifaa cha kupimia uso, wala hata zile sampuli za chuma za kulinganishia kwa ukucha, usimwachie shafti yako.