Shangazi, gemu za bunduki ndo zamharibu mwanangu?

"Assalam aleikum shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, niko Langoni hapa Lamu. Wangu wa tatu ana miaka 13, na tangu ajue njia ya kibanda cha PS, wanakocheza gemu kwenye TV, akacheza ile GTA, na usiku achukua simu yangu acheza Free Fire, amekuwa mkali hashikiki. Juzi nilimpokonya simu katikati ya mchezo, dadake mdogo akamcheka, akamzaba kofi mpaka pua ikatoka damu. Kakake mkubwa humtia adabu ya mkono lakini wapi, ndo kwanza azidi. Babake yuko Mombasa kikazi. Mjomba wake asema gemu hizo zafunza watoto ujambazi, nimpeleke kwa babake mapema. Wewe wasemaje?"

Waaleikum salaam dadangu, na pole. Kabla ya yote, huyo binti pua imekaaje? Manake barua nzima ni ya kijana, yeye umempa mstari mmoja tu na yeye ndo aliyetoka damu. Mkalishe umuulize, na kijana amuombe radhi mwenyewe, si ile ya kusukumwa begani "haya mwambie pole" huku anaangalia ukuta.

Haya sasa tuje kwenye gemu. Maneno ya mjomba hakuyazua yeye, wasomi wenyewe wamebishana miaka na miaka na mpaka leo hawajamalizana. Mwaka 2018 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 24, watoto na vijana zaidi ya 17,000, ukaonyesha wanaocheza gemu za fujo huzidi wenzao kupigana baadaye, lakini kidogo, kidogo sana. Alafu 2019 watu wa chuo cha Oxford wakachukua vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, zaidi ya elfu moja, na kuhusu ukali wao wakawauliza wazazi, na gemu zenyewe wakazipima kwa zile alama rasmi za umri na fujo, hawakuona uhusiano wowote. Na mwaka 2020 chama cha wanasaikolojia cha Marekani kikasema wazi kwamba ushahidi wa kusema gemu zaleta uhalifu hautoshi, kinachoonekana ni mambo ya kufoka na kusukumana. Kwa hivyo mjomba akikwambia mtoto atafoka zaidi, msikilize. Akikwambia atakuja kushika bunduki, hapo ametia chumvi.

Na wajua huo ukali wanaupimaje? Kuna utafiti mmoja wa Canada wa 2011, mtu achezeshwa gemu alafu aambiwa amtayarishie mwenzake pilipili ale, na ashaambiwa huyo mwenzake pilipili haziwezi, sasa ukimjazia ndo wewe mkali (kwetu pwani sijui nani angepasi huo mtihani). Walichokiona ni kwamba bunduki na damu peke yake hazikuzidisha kitu, kilichozidisha ni ushindani, yaani ile hamu ya kushinda na uchungu wa kufungwa. Na hilo hata bila wasomi wewe walijua, pita siku moja kwenye hicho kibanda cha PS wakati wanacheza mpira, mpira tu, hakuna damu hakuna bunduki, usikie matusi na makonde yanavyoruka mtu akifungwa dakika ya mwisho.

Ndo nakwambia hebu iangalie tena siku ile ya kofi. Umempokonya simu katikati ya mchezo. Free Fire hiyo si ya kusimamisha ukaendelea baadaye, wanashuka watu kama hamsini kwenye kisiwa wanauana mpaka abaki mmoja, ukimtoa ameshindwa, na pengine yuko kikosi kimoja na marafiki zake na kesho watamcheka skuli. Mtoto kapandwa na joto la mashindano, usingizi hana kwa sababu usiku kucha yuko na simu yako, kapokonywa, na papo hapo anachekwa. Simtetei, kofi ni kofi. Lakini hapo huhitaji GTA kueleza.

Ila kilichonishika mimi kwenye barua yako ni yale maneno uliyoyapitisha mbio, kwamba kakake "humtia adabu ya mkono". Dadangu, soma tena ulivyoandika. Mtoto anapigwa nyumbani na mtu mkubwa kuliko yeye kila akikosea, alafu na yeye akikasirika anampiga aliye mdogo kuliko yeye, na sisi tunakaa tunauliza hii tabia kaitoa wapi, ati kaitoa kwenye kioo. Kwenye gemu hakuna anayemuuma. Kofi la kakake linauma kweli, na linamfunza kitu kimoja kila siku, kwamba mwenye nguvu ndo mwenye haki ya kumaliza maneno. Na umesema mwenyewe akipigwa azidi, sasa dawa gani hiyo mgonjwa akinywa ndo hali yazidi na bado mnamuongeza? Huyo kaka pengine anajaribu kuziba pengo la baba, ana nia nzuri, lakini kazi hiyo si yake na ukiona yeye mwenyewe naye ni kijana tu. Mwambie leo leo, faragha, kwamba mkono basi.

Usinielewe kuwa nasema GTA poa. Gemu ile huko kwao Ulaya imeandikwa miaka 18, Marekani 17, kwa sababu ya mauaji na mambo ya kikubwa mengine ambayo sitaki kuyataja hapa, na wako ana 13. Hiyo akataliwe, na umwambie sababu. Lakini mimi ningekuwa wewe ningefunga buibui nikaenda mpaka mlangoni pa hicho kibanda nikaangalia ni kina nani wamekaa humo ndani. Sisi Lamu mchezo wa kupigana si mgeni kwetu, Maulidi yakifika wanaume hutoka na bakora wakacheza kirumbizi mbele ya umma, fimbo zinalia, na wakimaliza wanakaa pamoja. Lakini pale wakubwa wapo, mipaka yajulikana, anayezidisha anatolewa. Humo kibandani mkubwa ni nani? Kuna vijana wa miaka ishirini na kitu wanavuta? Pesa ya kucheza mtoto anatoa wapi, anatumwa na nani? Unga, yale madawa ya kulevya, umetumalizia vijana pwani hii na hukuingia kwa gemu, uliingia kwa marafiki. Hilo ndo lingeninyima mimi usingizi.

Simu nayo ni yako, ilale chumbani kwako, na chaja pia, manake hawa wanajua kutafuta. Mchana umpe muda mkubaliane, na ukitaka kumtoa usimrukie, mwambie hii ndo ya mwisho, mechi moja ya Free Fire ni kama dakika kumi, subiri ishe kisha nyosha mkono. Akikataa kuitoa baada ya hapo, kesho yake hapati. Hapo atalia na kuvunja milango siku za kwanza, wewe shikilia tu bila kupiga kelele.

Kuhusu Mombasa, mimi nasema hapana, angalau si sasa. Ukimpeleka akiwa kwenye hasira atajua amefukuzwa, na babake yuko kazini kutwa, mtoto atabaki na nani? Na Mombasa kuna vibanda vya PS kila mtaa. Bora babake apige simu yeye, amuitishe kijana kwa jina, wazungumze wawili bila wewe kusikiliza, na isiwe siku za makosa tu. Muulize mumeo mara ya mwisho kuzungumza na huyu mtoto bila kumgombeza ilikuwa lini, alafu uniandikie amejibu nini.