Mganga Akisema "Msiende Hospitali": Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

SWALI: Shikamooni. Mdogo wangu ni mvuvi hapa Igombe. Tumbo limejaa kama la mjamzito, mikono na mapaja yamekonda, na juma lililopita alitapika damu. Mganga anasema katupiwa kitu na mwenzake waliyegombana kwa ajili ya nyavu. Anataka mbuzi na laki tatu, na ametuonya kwamba tukienda hospitali dawa yake itaharibika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Mbuzi asubiri. Aliyetapika damu mara moja anaweza kutapika tena usiku na akaishiwa damu kabla hamjapata bodaboda. Mpelekeni leo, hata kama leo anacheka na kula. Asipewe aspirini wala diklofenaki, maana zinachokoza tumbo na kuzidisha kutoka kwa damu.

Kwa mvuvi wa ziwa hili mwenye tumbo la namna hiyo, la kwanza kuulizia ni kichocho cha tumbo. Si kile cha kukojoa damu ambacho wengi ndicho wanachokijua. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu, yakaanguliwa majini, na kimelea kikaingia kwa konokono. Kwa konokono hutoka vimelea vingine vidogo visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu anayevuta nyavu au kufua. Humo mwilini hukua kuwa minyoo wanaoishi miaka mingi ndani ya mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanayosombwa na damu hukwama kwenye ini, ini linaota makovu, na damu inakosa pa kupita. Hapo wengu unavimba, maji yanajaa tumboni, na mishipa ya koo la chakula inatuna mpaka inapasuka.

Dawa yake ni praziquantel, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshakula, la sivyo kichefuchefu kitamsumbua. Dawa hii huua minyoo waliokomaa, wachanga inawaacha, kwa hiyo huenda akahitaji kurudia baada ya wiki kadhaa. Makovu ya ini haiyafuti. Ombeni altrasaundi ya ini, kwa kuwa kipimo cha choo peke yake kinaweza kukosa mayai kwa mgonjwa wa muda mrefu. Apimwe pia homa ya ini B, na aulizwe kuhusu pombe bila kuficha, kwani hizo nazo hujaza tumbo vivyo hivyo.

Kuhusu mganga wenu: ugomvi wa nyavu ni wa kweli, na mtu anayeweza kuwaketisha wagomvi wawili na kuwapatanisha anafanya kazi ya maana. Huyu hakufanya hivyo. Ametaja adui, na hiyo ndiyo ramli chonganishi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kuni na samadi za kupikia. Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Msimpe hiyo laki tatu, na yule mwenzake wa mtumbwi msimguse.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Ukara. Mdogo akipata homa anashikwa na degedege. Mama mkwe anasema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, afukizwe kinyesi cha tembo kwanza. Simtaki ubaya mama mkwe, lakini naogopa.

JIBU: Imani hiyo ya sindano ina chanzo chake. Mtoto hufukizwa siku mbili, hali inakuwa mbaya, ndipo anakimbizwa zahanati. Anachomwa sindano, na saa moja baadaye anafariki. Malaria imeua, lawama inabebwa na sindano. Mweleze mama mkwe hivyo kwa upole, siku ambayo mtoto ni mzima. Degedege likishaanza hakuna atakayekusikiliza.

Likianza, mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, na uangalie saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni: meno huvunjika, na hawezi kumeza ulimi wake. Usimmwagie maji wala mkojo. Moshi wa aina yoyote, wa tembo au wa ubani, unamnyima hewa mtoto ambaye tayari hapumui vizuri. Asinyweshwe chochote mpaka aamke kabisa. Likizidi dakika 5, likirudia, au asipozinduka, ondoka hapo hapo. Hata likiisha lenyewe, apimwe malaria siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa uko kisiwani, anzia kituo cha afya cha Bwisya, usifikirie Bugolora, ng'ambo ya maji, kwanza. Mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali anaweza kuwekewa artesunate, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa kabla ya rufaa. Inampa muda wa kuvuka maji. Sindano ya artesunate ndiyo inayofuata, na haikwepeki. Mama mkwe akitaka tambiko, lifanyike mtoto akisharudi nyumbani.

SWALI: Nataka kuchanjwa chale za kinga ya biashara. Kuna hatari gani? (Mfanyabiashara, Kirumba)

JIBU: Hatari ni wembe, na unga wa dawa unaopakwa kwenye chale. Nenda na wembe wako mpya, ufunguliwe mbele yako, ukimaliza uutupe mwenyewe. Unga ndio wengi wanausahau: kidole kinachogusa jeraha la mtu kikirudi kwenye pembe au kibuyu, kimeshapeleka damu ya mteja wa jana kwenye chale zako. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku 7 nje ya mwili. Dai unga wako umwagwe pembeni kwenye karatasi kabla ya kuanza. Na uwe umechanjwa pepopunda hospitalini. Kama makovu yako huwa yanavimba, achana na chale.

SWALI: Mama yangu, miaka 62, anatumia vidonge vya kisukari, metformin na glibenclamide. Ameanza kunywa glasi ya mwarobaini kila asubuhi. Juzi alitetemeka na kutokwa jasho. (Igoma)

JIBU: Yaelekea sukari ilishuka. Mwarobaini unaweza kushusha sukari, na glibenclamide inaishusha pia hata kama mtu hajala. Akitetemeka tena, mpe vijiko vidogo 3 vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, rudia kama bado, kisha ale ugali au mkate. Akiwa hawezi kumeza, usimnyweshe, mkimbize. "Glasi" si kipimo: majani mangapi, yamechemka muda gani? Asimamishe mwarobaini na abebe majani yenyewe kliniki. Vidonge asiviache. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kule Samunge, Loliondo, kuna waliotupa ARV zao, yaani dawa za virusi vya UKIMWI.

SWALI: Nimeona kozi ya "ushamani" mtandaoni, inalipiwa kwa dola. Je, shamani ni mfumu, yaani mganga wa Kisukuma, kwa jina lingine? (Mwanafunzi, Malimbe)

JIBU: Si kitu kimoja, ingawa wanafanana zaidi ya inavyodhaniwa. Neno shamani, yaani mganga anayewasiliana na roho, limetoka kwa Waevenki wa Siberia. Huko, roho ya shamani ndiyo inayosafiri. Kwa mfumu, masamva, yaani mizimu ya ukoo, ndiyo yanayomjia. Pande zote mbili mtu huitwa kwa ugonjwa au ndoto zisizokoma, kisha anafundwa na mkubwa wake. Kozi unayoiona ina mizizi kwa Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliyechukua mbinu bila ukoo wala mizimu: unalala, unafunika macho, ngoma inapigwa kwa kasi, mara 205 hadi 220 hivi kwa dakika. Wengi hutulia tu. Mwenye kifafa au aliyewahi kuchanganyikiwa akili asijaribu.

Kabla ya kulipa dola, nenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Utaelewa jinsi ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, ulivyozaa Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ambayo hadi leo yanapambana kwa dawa ya kuvuta watazamaji.

SWALI: Nitajuaje mganga amesajiliwa? (Buhongwa)

JIBU: Sheria ni Na. 23 ya mwaka 2002, na msajili ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, anapatikana ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Kadi ya chama cha waganga si usajili, na cheti cha kozi ya mtandaoni vilevile.