Kipanya amechomekwa au kimechomekwa?

Swali: Nimeandika skripti ya bash (faili la amri zinazojiendesha) kwa ajili ya kompyuta mpakato za ofisini, ambazo zote ni za Linux. Ikiona kipanya, inaendesha xinput disable, yaani amri ya kuzima kifaa, ili kuzima tachipedi (kile kibao cha kugusa chini ya kibodi), kisha inaandika: "Kipanya amechomekwa, tachipedi imezimwa." Mwenzangu alicheka sana, akasema niandike "kimechomekwa". Mbona tunasema kiboko amezama, hatusemi kimezama?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, ingawa kicheko kilizidi. Kanuni uliyoishika ipo: kiumbe hai huchukua upatanisho wa a-wa hata jina lake likianza na ki-. Kipepeo ametua, kifaranga amepotea, na kipanya aliyejificha stoo naye amekimbia. Ila kanuni hiyo hutazama uhai, na kifaa cha mezani hakina.

Huyo huyo kiboko wako atakuonyesha. Akiwa mtoni, amezama. Mjeledi wa ngozi yake nao huitwa kiboko, lakini huo tunasema kimekatika. Kifaru wa mbugani amejeruhiwa; kifaru cha jeshi kimeharibika, na sijamsikia mtu akisema "vifaru wa jeshi wamepita". Kipanya cha kompyuta kimefuata njia hiyo hiyo: kipanya changu kimegoma, vipanya viwili vimenunuliwa. Wasemao mausi husema mausi yangu imegoma, kama ulivyosema tachipedi imezimwa. Nusu hiyo uliipatia.

Chini zaidi kwenye skripti yako nimeona mstari unaoweka "libinput Tapping Enabled" kuwa 1, na juu yake umeandika: "washa kubofya tachipedi". Hapo ningebadilisha. Kubofya ni kuminya kwa vidole, kama mnunuzi sokoni anavyolibofya embe kujua kama limeiva; lazima kitu kibonyee kidogo. Kitufe cha kipanya hubonyea, kwa hiyo bofya inakifaa. Mpangilio huu kazi yake ni kumruhusu mtu aguse tu na kuinua kidole, bila kuminya chochote. Andika "ruhusu kugusa badala ya kubofya".

Na hili si la lugha: umeandika xinput disable 12. Hiyo 12 ni namba ambayo mfumo umekipa kifaa, na inaweza kubadilika ukiwasha mashine upya, ukajikuta umezima kibodi. Taja kifaa kwa jina lake.