Barua kwa mwanangu: albamu yenu msiifute

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kibokoni. Sote tu wazima, na mamako anauliza utakuja lini.

Umeniuliza kama muiondoe albamu ya bendi yenu mtandaoni mkairekodi upya, kwa kuwa mashabiki wa hevi metali huko Nairobi wanasema nyimbo nzuri ila sauti mbovu. Msiifute. Kuhusu sauti wamesema kweli, lakini dawa yake iko kwenye albamu ya pili.

Nimeisikiliza kwa spika zangu za kazini, hizi ninazobeba kwenda harusini. Wimbo wa tatu ndio ulionishika. Pale magita yanaponyamaza ukabaki wewe na besi, nilipata kila neno. Magita yakarudi, maneno yakazama. Magita yote mawili mmeyapandisha mkwaruzo, ile sauti ya kukoroma (distortion), hadi mwisho, na yote mmeyaweka katikati ya spika mbili. Mkwaruzo huo unajaa pale pale ambapo maneno ya mwanadamu husikika, kwa hivyo hata ukipiga ukelele sauti yako haitoki. Gita moja lipelekeni spika ya kushoto, jengine ya kulia, na mkwaruzo upunguzeni kidogo tangu wakati wa kurekodi. Katikati abaki muimbaji, besi na ngoma ya mguu. Mtaona magita yanazidi uzito. Sisi mafundi mitambo wa taarabu hilo tumelelewa nalo: mgeni asiposhika mashairi, hata taishokoto, kile kinanda cha nyuzi, ipigwe vipi, kwake hakukuimbwa kitu.

Sasa nikwambie kwa nini msiifute. Unawapenda Judas Priest, ile bendi ya metali ya Uingereza, basi watazame hao. Albamu yao ya kwanza, Rocka Rolla, ilitoka mwaka 1974 kwa kampuni ndogo ya Gull. Prodyuza wao, Rodger Bain, ndiye aliyetengeneza albamu tatu za mwanzo za Black Sabbath, bendi iliyowatangulia kwa muziki huu, kwa hivyo hakuwa mgeni wa kazi. Na bado sauti ilitoka dhaifu, wenyewe hawakuridhika nayo. Glenn Tipton, mpiga gita wa pili, ndiyo kwanza alikuwa ameingia, na ukisikiliza unasikia magita mawili ambayo bado hayajazoeana. Nyimbo kama Tyrant na The Ripper ziliachwa nje. Caviar and Meths, wimbo mrefu, ukaingizwa kipande cha dakika mbili tu!

Hawakukaa kuilia. Nyimbo zile zilizoachwa ziliingia kwenye Sad Wings of Destiny mwaka 1976, na wapenzi wengi wa metali wakikuhesabia albamu zilizojenga muziki huu hawaikosi hiyo. Rocka Rolla yenyewe iliachwa na kasoro zake, ikaja kusawazishwa sauti zake upya na prodyuza Tom Allom mwaka 2024, miaka 50 baadaye. Naamini wangeanza kuirekebisha 1974, pesa na nguvu zote zingeishia hapo.

Nawe unayo Caviar and Meths yako. Ni wimbo wa sita, dramu inapoingia na mdundo wa chakacha chini ya yale magita mazito. Wallahi niliurudisha nyuma mara kadhaa. Sijapata kusikia kitu kama kile, na mpiga dramu wenu anaupiga bila kuulazimisha, kama aliyekulia kwenye ngoma za harusi. Mara umekwisha! Uliniambia mliukata kwa kuhofia watu wa metali watacheka. Hapo ndipo sikubaliani nanyi kabisa. Nyimbo nyengine zenu naweza kutaja zimetoka kwa nani. Huu ni wenu.

Kwa hivyo fedha mlizonazo msizirudishe kwenye kazi ya jana. Upigeni ule wa sita kwa urefu wake wote, jukwaani, mpaka uive. Nitumie na ile rekodi ya mazoezi kabla hamjaukata, hata kama ni ya simu, niisikilize kabla hamjaingia studio.

Babako