Baiskeli ya lami, ya milimani au ya changarawe?

Ndugu, umeuliza uchague ipi, huku goti likikuuma kwenye miinuko. Mimi ya changarawe naipenda kuliko zote: matairi yake, milimita 40 hivi, hupunguza mtikiso wa njia mbovu, na kwenye lami bado inakwenda vizuri. Ya lami ina kasi zaidi, lakini matairi membamba hukurushia kila shimo mikononi. Ya milimani ni ya mawe na mizizi, barabarani inachosha.

Goti kwanza, lakini. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Kiti kikiwa chini mno, huuma kwa mbele. Mlimani weka gia nyepesi mapema. Likivimba au maumivu yasipoisha, pumzika umwone daktari kabla hujanunua chochote.