Kerezo dogo la vijana: lipi la kununua?

SWALI: Fundi, salaam. Niko Langoni, Lamu. Karakana ya marehemu baba naitumia jioni kuwafundisha vijana saba useremala, umri wao miaka 12 hadi 16. Randa na msumeno wameshaweza, sasa wanataka kukereza, yaani kuchonga mti kwa patasi huku mashine ikiuzungusha. Pesa tulizochanga si nyingi. Nimeona makerezo mawili ya umeme: moja linachukua mti wa mita nzima, mwili wake wa bati, bei yake nafuu. La pili ni fupi, inchi 16 tu kutoka ncha hadi ncha, la chuma cha kusubu, na bei imezidi kidogo. Moyo unanivuta kwa lile refu kwa sababu vijana wanataka kukereza miguu ya vitanda. Nakosea?

JIBU: Salaam sana, ndugu yangu, na Mungu akulipe kwa hiyo kazi ya jioni. Nunua lile fupi.

Nasema hivyo kwa sababu lile refu la bati nimeshalinunua mimi, miaka mingi nyuma, nilipoanza kufundisha hapa Malindi. Siku ya kwanza tulifunga kipande cha mwarobaini chenye magamba bado, kizito upande mmoja. Kuwasha tu, meza ikaanza kutembea. Kijana aliyeshika patasi hakuwa na kosa lolote, lakini mti ulikuwa ukimrukia kila ukizunguka, na jioni ile hakurudi tena. Kilichonifunza ni hiki: anayeanza hawezi kujua kama mtetemeko unatoka mkononi mwake au kwenye mashine. Chuma kizito humeza mtetemeko, na kinachobaki ni kosa la mkono, ambalo linafundishika. Kerezo fupi kama hilo la chuma cha kusubu, la inchi 10 kwa upana wa mti, huwa na kilo 35 hadi 45. Kwenu ni mzigo wa kushusha kwa uangalifu kwenye boti kutoka Mokowe na wa kumtafutia punda gatini, lakini ni huo uzito unaoulipia.

Kuhusu miguu ya vitanda, inchi 16 ni sentimita 40, na miguu mingi haizidi hapo. Unaozidi hukerezwa vipande viwili vikaunganishwa kwa ulimi na tundu, na pale kwenye pete ya urembo kiungo hakionekani.

Ukifika dukani, au ukipelekewa mashine ya mkono wa pili, usianze na rangi yake. Sogeza mkia, yaani sehemu inayoteleza na kushika mti upande wa pili, hadi ncha yake ikutane na ncha ya kichwa, upande wa mota. Inama, funga jicho moja, utazame. Ncha mbili zikutane kama sindano mbili zilizoelekezana. Zikipishana kwa unene wa ukucha, iache. Kisha shika shafti, ule mhimili wa kichwa unaozungusha mti, kwa mkono, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha, na hizo hubadilishwa, kwa hiyo hapo ni suala la kupunguziana bei. Kaza egemeo la patasi na mkia, uvisukume kwa nguvu. Vikiteleza, usikubali maneno ya muuzaji kwamba vitakaza vyenyewe.

Inchi 10 maana yake ni upana wa mti unaoweza kuzunguka bila kugonga kitanda cha mashine, yaani zile reli za chini. Chukua futi, pima kutoka katikati ya shafti hadi kitandani, uzidishe kwa mbili. Usiamini kibandiko.

Sasa kasi, ambayo wengi wanaiangalia kichwa chini. Wanauliza mashine inakwenda mbio kiasi gani, wakati la kuuliza kwa mwanafunzi ni inakwenda polepole kiasi gani. Wakerezaji wana hesabu yao: upana wa mti kwa inchi, ukizidishwa kwa mizunguko ya dakika, ubaki kati ya 6000 na 9000. Bakuli la inchi 8 basi linataka mizunguko 750 hadi 1100, na hapo ni baada ya kuwa duara. Likiwa bado na pembe, chini zaidi. Kerezo ambalo kasi yake ya chini kabisa ni 1100 litawatisha vijana na litakutisha na wewe. Tafuta linaloshuka hadi 500 hivi.

Kuna yanayobadilisha kasi kwa kitufe na yanayobadilisha kwa kuhamisha mkanda kwenye puli. La kitufe ni raha, sikatai. Lakini ndani yake mna bodi ya umeme, na umeme wetu unaopanda na kushuka huiua. Mota ya kawaida yenye mkanda, fundi yeyote wa kusuka mota ataifufua. Kwa karakana ya vijana kisiwani, mimi nachagua mkanda. Nguvu ya nusu farasi, yaani wati 370 hivi, inatosha kwa kazi zenu. Soma kibao cha mota: yetu ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde (Hz). Kuna mashine za soko la Marekani za volti 120 zinazouzwa rahisi mno. Ukiichomeka kwenye soketi yako itaungua.

Uliza pia ukubwa wa tundu la shafti. Tundu hilo lililochongoka hupimwa kwa namba za Morse, na namba 2 ni bora kuliko namba 1, kwa kuwa vifaa vyake vinapatikana kwa wingi na vinashika zaidi.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Mimi hutenga theluthi nzima ya fungu kwa patasi, jiwe la kunolea la umeme na ngao za uso. Patasi butu haikati, inang'ang'ania, na hapo ndipo mti hurushwa. Nunua nne tu, za chuma cha HSS, kisichopoteza makali upesi kikipata moto: ile pana ya kuparia, ya mfereji ya kuchonga mabonde, ya makali ya mshazari, na nyembamba ya kukatia. Ile pana ya kuparia isiguse bakuli hata siku moja. Shina lake linaloingia kwenye mpini ni jembamba, na bakuli hulivunja.

Ngao iwe ya uso mzima, miwani peke yake haitoshi. Na hapa nakuomba usione haya kuwa mkali: kanzu, kikoi, mtandio, shanga na glavu haviingii karibu na kerezo. Kijana akija moja kwa moja kutoka msikitini, avae suruali na shati la mikono mifupi kwanza. Glavu ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu inaonekana kama kinga, kumbe mti ukiishika huvuta na mkono. Urefu wa shafti uwe sawa na kiwiko cha anayekereza. Wafupi wawekee jukwaa pana la mbao lisiloyumba, si kreti ya soda.

Kabla mashine haijafika, wapige hatua kwa kerezo la upinde, kama wakerezaji wa zamani wa pwani yetu. Nguzo mbili fupi, misumari miwili iliyonolewa, upinde na kamba iliyozungushwa mti mara moja. Mti unakwenda na kurudi, na patasi inakata wakati unakuja tu. Ni polepole, haliwezi kumrushia mtu kitu kizito, na wanajifunza jambo lililo gumu kuliko yote: patasi iguse egemeo kwanza, halafu ndipo iguse mti.

Kazi ya kwanza iwe pia, ile ya kuchezea watoto. Chukua tawi bichi la mwarobaini, unene wa sentimita 5. Mti mbichi ni laini, na maranda yake hutoka marefu, yakimwangukia kijana mkononi yakiwa na ubaridi wa maji. Akiona vumbi badala ya maranda, asimamishe mashine, anoe. Mvule na boriti ngojeni mwaka mwingine: mvule vumbi lake linawasha pua na kifua, na boriti ni ngumu kwa mkono mchanga.

Kila jioni, chumvi ya bahari isije ikawahi, pangusa kitanda na shafti kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine.