Kupunguziwa bei baada ya ukaguzi wa nyumba
Ukinunua nyumba na ukaguzi ukaonyesha kasoro, bei bado inajadilika hata kama mkataba umeshasainiwa, ilimradi una kipengele cha ukaguzi (kinachokuruhusu kujadili upya au kujitoa kwa sababu ya kasoro) na siku zake hazijaisha. Zikipita, muuzaji halazimiki kukusikiliza, na ukijitoa unaweza kupoteza amana, yaani pesa uliyotanguliza. Peleka maombi kwa maandishi, pamoja na ripoti ya mkaguzi na makadirio ya fundi. Komaa na mambo mazito: paa linalovuja, ufa kwenye msingi, nyaya zilizoungua. Bawaba iliyolegea achana nayo, utamkera mtu bure. Mimi ningeomba muuzaji ashushe bei kuliko kumwachia matengenezo. Anayehama hutafuta fundi wa bei rahisi. Ila kama unanunua kwa mkopo na unataka akurudishie pesa badala ya kushusha bei, iulize benki kwanza, nyingi zina kikomo cha kiasi anachoweza kukurudishia.